Je, Yaliyopita Si Ndwele? Siri za Hanslope Park na Haki ya Kujua

Waswahili wana methali mbili ambazo, zikiwekwa pamoja, hazipatani. Ya kwanza husema: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Ya pili husema: mficha maradhi, kifo humuumbua. Ya kwanza tunaisikia kwenye usuluhishi wa ndoa, kwenye vikao vya urithi na, kuliko kwingineko kote, kwenye hotuba za viongozi. Ya pili aghalabu hutamkwa wakati mambo yamekwisha kuharibika. Zote mbili zinazungumzia ugonjwa. Zinachotofautiana ni iwapo mgonjwa aambiwe anaumwa nini.

Nyuma ya methali hizo kuna swali la kale: je, ni heri kuijua siri inayoumiza, au ni heri kuishi katika utulivu wa kutojua? Wasomaji wa Kiswahili waliosoma tamthilia ya Sophocles kupitia tafsiri ya S. S. Mushi, Mfalme Edipode, wanaikumbuka habari yake. Mfalme anaapa kumsaka aliyemuua mtangulizi wake. Mkewe anamsihi aache kuuliza. Anakataa, na mwishowe anagundua kwamba muuaji anayemsaka ni yeye mwenyewe. Wengi huichukua hadithi hiyo kuwa onyo dhidi ya udadisi. Husahau kwamba Edipode alianza kuuliza kwa sababu mji wa Thebe ulikuwa ukiangamia kwa tauni. Kutojua kwake hakukuwa starehe yake binafsi. Kulikuwa kukiwagharimu watu wengine maisha.

Katika makala haya nataka kulichukua swali hilo kutoka jukwaani na kulipeleka mahali ambapo limekuwa suala la dola, mahakama na makaburi: Kenya ya miaka ya Hali ya Hatari, na mafaili yaliyofichwa Uingereza kwa takriban nusu karne. Nitadai kwamba swali lenyewe, kama linavyoulizwa kwa kawaida, lina kasoro. Kabla ya kuuliza kama kujua ni bora kuliko kutojua, ni lazima tuulize ni nani aliyeamua kwamba sisi tusijue.

Dhambi ya kimya kimya

Tarehe 20 Oktoba 1952, Gavana Evelyn Baring alitangaza Hali ya Hatari nchini Kenya ili kupambana na vuguvugu la Mau Mau. Hali hiyo ilidumu hadi Januari 1960. Katika kipindi hicho watu zaidi ya elfu moja walinyongwa. Mwanahistoria David Anderson, aliyepekua kumbukumbu za kesi hizo, alihesabu 1,090. Takwimu rasmi zilitaja watu wapatao 80,000 waliowekwa kizuizini, na Caroline Elkins, katika kitabu chake cha mwaka 2005, alidai kwamba idadi halisi ilikuwa kubwa zaidi ya hiyo. Kuanzia 1954, zaidi ya watu milioni moja, wengi wao Wakikuyu, walihamishwa kwa nguvu na kuingizwa katika vijiji vilivyozungushiwa ua na mahandaki, chini ya amri ya kutotoka nje.

Watawala hawakuwa gizani kuhusu yaliyokuwa yakitendeka kambini. Mnamo Juni 1957, Mwanasheria Mkuu wa koloni, Eric Griffith-Jones, alimwandikia Gavana Baring kuhusu matumizi ya nguvu dhidi ya wafungwa waliokataa kutii. Katika mawasiliano hayo alisema kwamba ikiwa ni lazima kutenda dhambi, basi dhambi hiyo itendwe kimya kimya. Huyu alikuwa mlinzi mkuu wa sheria katika koloni zima. Hakuuliza kama jambo linafaa kutendwa. Aliuliza ni nani atakayelisikia.

Kimya hicho kilikaribia kuvunjika tarehe 3 Machi 1959 katika kambi ya Hola, karibu na Mto Tana. Wafungwa 11 walipigwa hadi kufa na askari walinzi kwa kukataa kufanya kazi. Taarifa rasmi ya kwanza ilidai kwamba walikufa baada ya kunywa maji kutoka kwenye gari la maji. Uchunguzi wa kitabibu uliukanusha uongo huo, na mwezi Julai Bunge la Uingereza likalazimika kujadili mauaji hayo hadi usiku wa manane. Hola ilifichuka kwa kuwa maiti zilikuwa 11 kwa siku moja. Mateso ya watu walioumizwa mmoja mmoja, katika kambi moja baada ya nyingine, yalibaki ndani ya mafaili.

Safari ya mafaili

Uhuru ulipokaribia, mafaili hayo yaligeuka kuwa tatizo. Mwaka 1961, Waziri wa Makoloni Iain Macleod alitoa maelekezo kwamba serikali mpya zisikabidhiwe nyaraka zinazoweza kuiaibisha Serikali ya Uingereza, au kuwaaibisha polisi, wanajeshi, watumishi wa umma na watoa habari wake. Zoezi hilo lilikuja kujulikana kwa jina la Operation Legacy. Nyaraka ziligawanywa makundi mawili: zile ambazo warithi wangeachiwa, na zile ambazo hawakutakiwa hata kujua kwamba zimewahi kuwapo. Kundi la pili lilishughulikiwa na maofisa wenye asili ya Ulaya peke yao. Nyingine zilichomwa, na maelekezo yalitaka hata majivu yake yavurugwe yasiache alama. Pale ambapo moto haukufaa, iliruhusiwa kuzifunga ndani ya makasha yenye uzito na kuyazamisha katika kina kirefu cha bahari, mbali na pwani, mahali pasipo na mkondo wa maji.

Zilizobaki zilisafirishwa. Mafaili yapatayo 1,500 kutoka Kenya yalipelekwa Uingereza, na hatimaye yakatua Hanslope Park, kituo cha serikali chenye ulinzi mkali katika eneo la Buckinghamshire. Hayakuwa peke yake. Hifadhi hiyo ilikusanya mafaili takriban 8,800 kutoka makoloni 37, yakiwemo ya Tanganyika na Zanzibar. Mtanzania anayeisoma habari hii kama ya majirani zake akumbuke hilo.

Mtumishi wa umma anayesoma makala haya ataelewa uzito wa jambo hili kuliko mtu mwingine yeyote. Serikali mpya ilikabidhiwa bendera, majengo, madeni na masijala iliyokwisha kuchambuliwa. Waziri wa Kiafrika aliyeketi ofisini mwake mwaka 1964 na kuagiza faili fulani aliletewa kile tu ambacho mtangulizi wake alipenda akione. Mwaka 1967 Kenya iliomba irejeshewe nyaraka zake. Ombi hilo lilikataliwa.

Hoja ya kusahau

Haitakuwa haki kuisimulia habari hii kana kwamba Waingereza peke yao ndio waliotaka kimya. Mwezi Septemba 1962 Jomo Kenyatta, akihutubia Githunguri, aliielezea Mau Mau kuwa ugonjwa uliokwisha kung'olewa, ambao haukupaswa kukumbukwa tena. Mwezi Agosti 1963 aliwaambia walowezi mjini Nakuru kwamba pande zote mbili zisameheane na kusahau. Marufuku ya kikoloni dhidi ya Mau Mau ilibaki katika vitabu vya sheria vya Kenya huru kwa miaka 40, hadi ilipoondolewa mwaka 2003 chini ya utawala wa Mwai Kibaki. Wazee waliopigania ardhi hawakuweza hata kusajili chama cha wapiganaji wa zamani bila kuvunja sheria.

Wanaharakati vijana huiona sera hiyo kuwa usaliti mtupu. Naielewa hasira yao, lakini hoja ya kusahau ina uzito ambao hatupaswi kuukwepa. Vita vya Mau Mau vilikuwa pia vita baina ya majirani. Walikuwapo waliokwenda msituni, na walikuwapo waliojiunga na walinzi wa serikali walioitwa ngati. Baadhi ya familia zilitoa watoto kwa pande zote mbili. Mwaka 1963 watu hao walikuwa wakichota maji mto mmoja, wakisali kanisa moja, na watoto wao wakiketi dawati moja. Kiongozi aliyeirithi nchi kama hiyo angeweza kujiuliza kwa dhati: nikifungua mafaili yote leo, kesho nitazika wangapi?

Hoja hiyo ina nguvu. Udhaifu wake unaonekana tunapoangalia mgawanyo wa faida na hasara. Waliokuwa upande wa serikali wakati wa Hali ya Hatari walikuwa wamebaki nje ya vizuizi; walihifadhi mashamba, wakapata hatimiliki katika zoezi la kuunganisha ardhi lililoendeshwa huku wenzao wakiwa kambini, na wakasomesha watoto. Waliotoka kizuizini walikuta ardhi imekwisha kugawanywa. Kuwaambia watu wa makundi hayo mawili wasahau kwa usawa ni kumwachia mmoja shamba na mwingine kovu. Kwa hiyo kile kilichoitwa amani ya kutojua kilikuwa na mmiliki. Kilimlinda aliyekuwa na cha kupoteza endapo maswali yangeulizwa.

Mlango wa mahakama

Mwezi Juni 2009, Wakenya watano waliokuwa wazee walifungua kesi katika Mahakama Kuu ya London dhidi ya Serikali ya Uingereza. Walikuwa Ndiku Mutua, Paulo Nzili, Wambugu wa Nyingi, Jane Muthoni Mara na Susan Ngondi, ambaye alifariki kabla kesi haijaisha. Madai yao yalihusu mateso mazito kambini, yakiwemo kuhasiwa na udhalilishaji wa kingono. Wambugu wa Nyingi alikuwa mmoja wa walionusurika Hola. Alipigwa hadi kupoteza fahamu na kuachwa pamoja na maiti.

Kwa miaka mingi masimulizi ya watu kama hao yalikuwa yakipokewa kwa shaka. Waliambiwa kwamba kumbukumbu za wazee huchanganyika, na kwamba hakuna maandishi ya kuthibitisha. Wanahistoria waliokuwa mashahidi wa kitaalamu, akiwemo Anderson, walishikilia kwamba maandishi hayo yapo na serikali inayo. Mwaka 2011 Ofisi ya Mambo ya Nje ilikiri kuwapo kwa hazina ya Hanslope Park. Kile ambacho wazee walikuwa wakikisimulia kwa midomo kilikuwa kimeandikwa kwa mashine na maofisa wenyewe, kikapigwa mihuri, na kuhifadhiwa kwa miaka yote ambayo wao waliitwa waongo.

Mwezi Julai 2011, na tena Oktoba 2012, Jaji McCombe aliamua kwamba kesi iendelee. Tarehe 6 Juni 2013, Waziri wa Mambo ya Nje William Hague alisimama bungeni na kukiri kwamba Wakenya waliteswa na utawala wa kikoloni. Alieleza majuto ya serikali yake na kutangaza malipo ya paundi milioni 19.9, pamoja na gharama za kesi, kwa wadai 5,228. Serikali iliendelea kukataa kwamba inawajibika kisheria. Mnara wa kumbukumbu ulizinduliwa katika bustani ya Uhuru Park, Nairobi, Septemba 2015.

Fedha hizo, zikigawanywa, hazikuwa utajiri kwa mtu yeyote. Hata hivyo, thamani ya siri kufichuka haipimwi kwa paundi. Mzee aliyekwenda na kovu lake kwa miaka 55 bila kuaminiwa, kisha akasikia adui wake wa zamani akitamka hadharani kwamba ni kweli, alirudishiwa kitu ambacho methali ya yaliyopita haingeweza kumpa: ushuhuda wake ulikubaliwa.

Tuangalie pia upande wa pili. Wakenya zaidi ya 40,000 walifungua kesi nyingine, na mwaka 2018 mahakama ya London iliitupa, kwa sehemu kubwa kwa sababu muda mrefu mno ulikuwa umepita kiasi kwamba kesi ya haki isingewezekana. Hapa ndipo tunapoiona gharama halisi ya kutojua. Mshtakiwa alificha ushahidi kwa miongo mitano, kisha muda huohuo ukawa kinga yake. Anayesema kwamba siri ikikaa haimdhuru mtu aisome hukumu hiyo.

Kigunia na faili

Mpaka hapa jambo linaonekana rahisi, kwa kuwa aliyeficha ni mkoloni na aliyefichwa ni sisi. Sasa tufike mahali penye ugumu.

Tarehe 24 Aprili 1954, wanajeshi na polisi waliuzingira mji wa Nairobi katika msako ulioitwa Operation Anvil. Maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru walipangwa mistari na kupitishwa mbele ya watu waliovikwa magunia yenye matundu ya macho. Aliyevaa gunia hakusema neno. Alitikisa kichwa, na kwa mtikiso huo mtu alikwenda kizuizini. Wakikuyu waliwaita watu hao gakunia, yaani kigunia. Walikuwa majirani, wafanyakazi wenza, pengine ndugu. Wengi walikufa bila majina yao kujulikana, na tukumbuke kwamba maelekezo ya 1961 yalitaja waziwazi kwamba nyaraka za kuwafichua watoa habari zisiachwe.

Je, mjukuu aliyelelewa kwa upendo na babu yake, akasomeshwa kwa jasho la babu huyo, anahitaji kujua kwamba kichwa kilichotikiswa ndani ya gunia kilikuwa cha babu? Je, familia ya jirani, iliyompoteza baba mwaka 1954 na ambayo leo imeoleana na ukoo huo, inahitaji kujua? Mtu anayelijibu swali hili haraka, kwa ndiyo au kwa hapana, hajalifikiria.

Iko nchi moja iliyolazimika kulijibu kwa vitendo. Ukuta wa Berlin ulipoanguka Novemba 1989, Wizara ya Usalama ya Ujerumani Mashariki, Stasi, ilikuwa na watumishi wa kudumu wapatao 91,000 na watoa habari wa siri wapatao 189,000. Watumishi hao walianza kuchana na kuchoma mafaili. Raia waliuona moshi, wakazivamia ofisi za mikoa kuanzia Desemba, na tarehe 15 Januari 1990 wakaingia makao makuu jijini Berlin. Walichokiokoa kilikuwa na urefu wa takriban kilomita 111 za rafu. Ulizuka mjadala mkali. Walikuwapo viongozi walioonya kwamba mafaili yakifunguliwa watu watauana, na kwamba heri yafungwe au yateketezwe. Sheria iliyopitishwa Desemba 1991 ilichagua njia tofauti: kila mtu apewe haki ya kulisoma faili lake mwenyewe. Milango ilifunguliwa Januari 1992.

Maumivu yalikuja. Vera Wollenberger, mwanaharakati aliyekuwa mbunge, aligundua kwamba mtoa habari aliyeandikwa kwa jina la bandia la Donald, aliyeripoti mienendo yake kwa miaka, alikuwa Knud, mume wake na baba wa watoto wake. Ndoa ilivunjika. Wengine waliwagundua marafiki, wachungaji na walimu wao. Lakini wimbi la visasi lililotabiriwa halikutokea. Watu walisoma, walilia, wengine waliachana, wengine walisameheana, na nchi ikaendelea. Tangu wakati huo maombi zaidi ya milioni 3 ya raia yamewasilishwa.

Kuna mambo matatu katika sheria ile ambayo wanafunzi wangu wa sayansi ya siasa huyapita haraka. Kwanza, ilitoa haki ya kusoma bila kumlazimisha mtu asome. Wako Wajerumani wengi waliochagua, na wanaendelea kuchagua, kutolifungua faili lao, kwa kuwa wanapendelea kubaki na marafiki walionao. Pili, ilifuta majina ya waathirika wengine katika nakala aliyopewa msomaji, ili haki ya mmoja isiwe aibu ya mwingine. Mtoa habari ndiye aliyeweza kutajwa kwa aliyeathirika. Tatu, iliweka taasisi na utaratibu, hivyo watu hawakuachiwa uvumi. Tofauti baina ya Mjerumani aliyeamua kutosoma na Mkenya aliyezuiwa kusoma ni kubwa kuliko inavyoonekana. Wote wawili hawajui, lakini wa kwanza anaweza kubadili mawazo yake kesho asubuhi.

Kaburi lisilojulikana

Wanaotetea raha ya kutojua hudhani kwamba asiyejua ametulia. Historia yetu inawakanusha. Dedan Kimathi alinyongwa katika gereza la Kamiti tarehe 18 Februari 1957 na kuzikwa mahali ambapo familia yake haikuonyeshwa. Mjane wake, Mukami Kimathi, aliomba kwa miongo mingi aonyeshwe kaburi ili amzike mumewe kwa heshima. Alifariki Mei 2023, baada ya miaka 66 ya ujane, bila kulijua. Je, tutasema kwamba mama huyu aliishi katika utulivu wa kutojua?

Upande wa Tanzania, Chifu Songea Mbano alinyongwa na Wajerumani tarehe 27 Februari 1906 kwa kushiriki Vita vya Maji Maji. Ukoo wake unaamini kwamba kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani. Tarehe 1 Novemba 2023, Rais Frank-Walter Steinmeier alifika Songea, akaomba msamaha na kuahidi kusaidia kutafuta masalia hayo. Vitukuu waliompokea hawakumjua chifu huyo. Hata hivyo walitaka kujua, kwa sababu katika desturi zetu msiba usiozikwa haujaisha. Kutojua kwa namna hii ni matanga yanayorithishwa kutoka kizazi kimoja hadi kingine.

Siri za kwetu

Ni rahisi kudai siri za London na Berlin. Mtihani wa kweli ni siri tulizozitengeneza wenyewe. Tarehe 21 Mei 2013, majuma mawili tu kabla ya kauli ya Hague, Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ya Kenya ilimkabidhi Rais Uhuru Kenyatta ripoti yake. Ndani yake mlikuwa na mauaji ya Wagalla ya Februari 1984, ambapo wanaume wa Kisomali walikusanywa na vikosi vya usalama katika uwanja wa ndege karibu na Wajir. Kwa miaka mingi serikali ilishikilia kwamba waliokufa ni 57. Mashahidi walizungumzia mamia. Makamishna watatu wa kigeni waliweka wazi kwamba hawakubaliani na mabadiliko yaliyofanywa katika sura ya ardhi kabla ripoti haijakabidhiwa. Mwezi Machi 2015 Rais aliomba radhi bungeni kwa niaba ya dola na kutangaza mfuko wa shilingi bilioni 10. Ripoti yenyewe haikutekelezwa kama sheria iliyoiunda ilivyokusudia.

Tulishangilia wakati Waingereza walipolazimika kufungua mafaili yao, na katika majira hayohayo tukayaweka ya kwetu kwenye kabati. Griffith-Jones angelielewa kabati hilo vizuri.

Nini kifanyike

Naliona jibu la swali letu hivi. Mtu binafsi ana haki ya kutojua mambo yake mwenyewe. Mjukuu wa gakunia akisema hataki kulisoma faili la babu yake, hakuna mwanahistoria wala mwanaharakati mwenye mamlaka ya kumsomea kwa nguvu. Haki hiyo inakoma pale kutojua kwake kunapohitaji kwamba na jirani asijue. Dola, kwa upande wake, haina haki kama hiyo kabisa. Dola haiumwi moyo. Inapodai kwamba inawaepusha raia na maumivu, mara nyingi inajiepusha yenyewe na maswali.

Kwa hiyo sheria zilizopo zitumike. Kenya ina Ibara ya 35 ya Katiba ya 2010 na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Tanzania ina Sheria ya Haki ya Kupata Habari ya mwaka huohuo. Zote zina milango ya kutokea, hususan usalama wa taifa, na ofisa mwoga anaweza kuupitisha kila waraka katika mlango huo. Nawaomba watumishi wa umma wajiulize swali moja kabla ya kupiga muhuri wa siri: je, waraka huu ukijulikana atadhurika raia, au ataaibika mkubwa? Maelekezo ya 1961 yaliyachanganya mawili hayo kwa makusudi, nasi tumerithi mchanganyiko huo pamoja na masijala.

Wanaharakati nao wadai kufunguliwa kwa mafaili pamoja na utaratibu wa kuyafungua: ulinzi wa majina ya waathirika, washauri nasaha kwa wanaosoma, na haki ya aliyetajwa kutoa upande wake. Orodha ya wasaliti ikirushwa mitandaoni bila utaratibu huo itazaa magunia mapya.

Kwa wanafunzi wa historia nina tahadhari. Faili si msahafu. Limeandikwa na mtu aliyetaka kumridhisha mkuu wake, kutokana na habari za mtu aliyelipwa au kutishwa. Maofisa wa kikoloni waliandika kwamba wafungwa wa Hola walikunywa maji wakafa, na hayo nayo yalikuwa maandishi rasmi. Kuna watu waliotajwa kuwa watoa habari ambao walisema jambo moja chini ya kipigo na hawakurudia tena. Tukiyapata mafaili tuyasome tukiwa na masimulizi ya wazee mkononi, tuyapambanishe, na tusimhukumu mtu kwa mstari mmoja. Wazee hao wanapungua kila mwaka. Mwanafunzi mwenye bibi aliye hai aliyeyaona hayo hahitaji kibali cha wizara wala nauli ya London ili aanze. Anahitaji daftari, subira, na adabu ya kumwuliza kama yuko tayari kusema.